Fenasetini: Dawa Iliyotuliza Kichwa, Ikaua Figo

Mwaka 1886, katika hospitali moja ya mji wa Strasbourg, uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, mgonjwa wa minyoo alipewa dawa ambayo hakuna daktari aliyeiagiza. Madaktari wawili vijana, Arnold Cahn na Paul Hepp, walikuwa wameomba naftalini, ile ile ambayo watu huiweka kabatini kufukuza wadudu. Minyoo haikushtuka sana. Kilichoshuka ni homa ya mgonjwa, na naftalini haikuwa na sifa hiyo. Walipoinusa chupa wakakuta haina harufu yoyote, ilhali naftalini hunuka kutoka mlangoni. Duka la dawa lilikuwa limewapa kitu kingine kabisa: asetanilidi, kemikali ya viwanda vya rangi za nguo.

Hepp alikuwa na ndugu yake mkemia katika kampuni ya Kalle, na haukupita muda kabla kosa lile halijageuzwa bidhaa. Ikaitwa Antifebrin. Ilikuwa rahisi kutengeneza na ilishusha homa upesi, lakini ilikuwa na kasoro ambayo hata asiye daktari aliiona: baadhi ya walioimeza waligeuka buluu midomoni na kwenye kucha, kwa kuwa dawa iliiharibu hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Wakemia wa Ujerumani wakaanza kutafuta ndugu mpole wa asetanilidi.

Katika mji wa Elberfeld, kampuni ya Bayer haikuwa bado kampuni ya dawa. Ilikuwa ikitengeneza rangi, na uwanjani mwake, kama inavyosimuliwa, kulikuwa na tani 30 za paranitrofenoli, mabaki ya kazi ya rangi yasiyo na mnunuzi. Carl Duisberg, mkemia aliyekuwa hajafikisha miaka 30, alitaka mabaki yale yapatiwe kazi. Oskar Hinsberg ndiye aliyeyageuza kuwa unga mweupe wenye nguvu za asetanilidi na ubuluu mdogo zaidi. Unga huo ukaitwa fenasetini. Uliingia sokoni kuelekea mwisho wa miaka ya 1880, na mara homa kubwa ya mafua ya 1889 na 1890 ikaizunguka dunia. Kila mji ulikuwa na watu vitandani, na kila mtu kitandani alitaka homa imshuke na kichwa kimpoe. Miaka kumi hivi kabla ya kuuza aspirini, Bayer ilikuwa imekwisha kujua kwamba mabaki ya rangi yanaweza kuzaa utajiri. Huko Marekani, ambako hataza ilimlinda mwenye dawa hadi 1906 na bei ikapanda mno, fenasetini ilivushwa kwa magendo kutoka Kanada.

Mwaka 1893 likatokea jambo ambalo halikuvuta macho ya mtu. Daktari Joseph von Mering alijaribu dawa kadhaa za ukoo huo kwa wagonjwa, mojawapo ikiwa parasetamoli. Akaamua kwamba parasetamoli inaharibu damu kuliko fenasetini, kwa hiyo fenasetini ndiyo bora. Hukumu hiyo haikuwa sahihi, lakini ilitoka kwa mtu aliyeheshimiwa. Parasetamoli ikawekwa kando kwa zaidi ya nusu karne, na fenasetini ikabaki na soko lote.

Kwa miongo mingi hakuna aliyekuwa na sababu ya kulalamika. Mtu aliyemeza fenasetini aliumwa kichwa saa moja, saa iliyofuata hakuumwa. Haikulewesha kama kasumba, na tumbo haikulichoma kama aspirini. Watengenezaji wakaanza kuichanganya: aspirini, fenasetini na kafeini ndani ya kidonge kimoja, mchanganyiko uliojulikana kwa herufi APC. Uswisi, kampuni ya Roche ilitoa Saridon mwaka 1933 ikiwa na fenasetini ndani yake. Australia walikuwa na poda za Bex na Vincent's, zilizokunjwa katika karatasi ndogo, na tangazo la Bex lilimshauri mama wa nyumbani aliyechoka anywe chai, ameze Bex, kisha ajilaze kidogo. Ushauri huo ukageuka msemo wa taifa.

Kafeini iliyotiwa humo ndiyo iliyokamilisha mtego. Inamchangamsha mtu kidogo, na ikikosekana baada ya kuzoeleka huleta maumivu ya kichwa. Mwenye kuumwa kichwa akameza poda ya asubuhi ili apone, jioni kichwa kikamrudia kwa sababu ya poda ya asubuhi, akameza nyingine. Polepole dawa ikaacha kuwa ya ugonjwa. Ikawa ya kazi, kama chai.

Mji uliolionyesha jambo hili waziwazi kuliko mingine ni Huskvarna, kusini mwa Uswidi, kando ya ziwa Vättern. Huskvarna ulikuwa mji wa kiwanda kimoja kikubwa, kilichoanza kwa bunduki, kisha kikatengeneza cherehani, baiskeli na pikipiki. Wakati wa homa ya mafua ya 1918, daktari mmoja wa huko aitwaye Hjorton aliwaandikia wagonjwa wake poda yenye nusu gramu ya fenasetini, nusu gramu ya fenazoni na kafeini kidogo. Homa ilipita, poda ikabaki. Wafanyakazi waligundua kwamba humwezesha mtu kwenda na kasi ya mashine bila kuchoka upesi, na kwa anayelipwa kwa idadi ya vipande alivyokamilisha, uchovu ni hasara ya fedha. Poda ya Hjorton ikaingia mifukoni mwa aproni, ikawa juu ya meza za mapumziko, na inasimuliwa kwamba watu walifungiana pakiti zake kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huskvarna maneno hayo yalikuwa kweli neno kwa neno, kwani dawa ilikaa ndani ya nguo.

Na haikuonekana kwamba inakula. Hapa inabidi tuingie ndani ya figo, maana siri ya habari hii iko huko.

Kila siku figo mbili za mtu mzima huchuja kutoka katika damu majimaji yapatayo lita 180, kisha hurudisha karibu yote, zikabakiza lita moja na nusu au mbili za mkojo. Kazi hiyo hukamilishwa kwenye kina cha figo, penye ncha zilizochongoka kama chuchu, ambako mkojo hudondoka kuanza safari ya kwenda kibofuni. Huko nchani damu hufika kwa uhaba, na mkojo huwa mzito kuliko mahali pengine popote. Kilichoyeyuka katika damu kwa kiasi kidogo hufika pale kikiwa kimekolea, kama chumvi inayobaki chini ya sufuria maji yanapokauka. Fenasetini ikishavunjwa na ini, mabaki yake hukusanyika hapo. Aspirini iliyomezwa pamoja nayo hupunguza damu inayolisha zile ncha na hupunguza pia kemikali ambazo seli huzitumia kama ngao. Mtu akimeza poda mbili kwa mafua, figo hustahimili. Akimeza sita kila siku kwa miaka kumi, ncha huanza kufa. Hukauka, hugeuka rangi, na wakati mwingine hukatika na kutoka na mkojo, mgonjwa akapatwa na maumivu makali ya ubavu kama mwenye mawe ya figo. Nyama ya figo iliyokuwa ikitegemea ncha hizo nayo husinyaa na kujaa makovu.

Lakini figo ni kiungo cha kimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake asihisi lolote. Uchovu ukija atasema ni kazi, na kichwa kikimuuma kwa sababu shinikizo la damu limepanda, atanyoosha mkono kwenye ile ile pakiti. Vimya viwili vilikuwa vimekutana: dawa iliyofundishwa kunyamazisha maumivu, na kiungo kisichojua kulia. Ndiyo maana fenasetini iliuzwa kwa miaka zaidi ya 60 kabla mtu hajaitilia shaka kuhusu figo.

Aliyeitilia shaka hakuwa akiwatazama walio hai. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Hans Ulrich Zollinger, mtaalamu wa patholojia huko Zürich, na mwenzake daktari Otto Spühler, waliona katika uchunguzi wa maiti ongezeko la figo za namna moja. Zilikuwa zimesinyaa, na makovu yake hayakuwa kwenye vichujio vya damu kama ilivyozoeleka, bali katika nyama iliyo kati ya mirija. Walipofungua majalada ya marehemu wakakuta wengi wao walikuwa wamemeza vidonge vya kichwa kwa miaka na miaka. Walianza kuandika habari hizo mwaka 1950, na makala yao ya 1953 ndiyo iliyoufanya uhusiano huo ujadiliwe kila mahali. Hawakudai kwamba wamelikamata kosa mikononi. Walisema tu kwamba figo hizi na vidonge hivi vinaonekana pamoja mara nyingi mno.

Ubishi ulioanza hapo haukuwa wa kipuuzi. Waliopinga walisema wenye ugonjwa wa figo huumwa kichwa, kwa hiyo ugonjwa ndio ulioleta vidonge na si vidonge vilivyoleta ugonjwa. Wengine walisema lawama ni ya bakteria walioingia kwenye figo. Wengine wakauliza kwa nini fenasetini ihukumiwe peke yake ilhali karibu kila mgonjwa alimeza mchanganyiko wa dawa mbili au tatu. Na palikuwa na tatizo la wagonjwa wenyewe. Wengi waliulizwa kama wanatumia dawa wakasema hapana, baadhi kwa aibu, wengine kwa sababu vidonge vya kichwa kwao havikuhesabiwa kuwa dawa.

Uswidi ndiyo iliyojibu mapema kuliko wengi. Daktari Kurt Grimlund alichunguza wafanyakazi wa Huskvarna na kuchapisha matokeo yake mwaka 1963: watumiaji wakubwa wa poda ndio waliokuwa na figo zilizoharibika, na vifo vya figo kushindwa vilikuwa vingi kuliko ilivyotarajiwa katika mji wa namna hiyo. Serikali haikusubiri hata makala hayo. Mwaka 1961 Uswidi, na Denmark vilevile, zilikataza fenasetini kuuzwa bila cheti cha daktari. Miaka ilipopita, vifo hivyo vikapungua Huskvarna. Hilo lilikuwa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga: mji ulinyang'anywa poda yake, na watu wakaacha kufa kwa figo kama zamani.

Lakini kuacha poda hakukufuta kila kitu. Madaktari wa Uswidi walianza kuona saratani katika bakuli la figo, mahali mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka, kwa watu waliowahi kuwa watumiaji wakubwa. Ilikuwa saratani adimu, na iliweza kujitokeza miaka mingi baada ya pakiti ya mwisho kutupwa.

Uswisi nayo ilikuwa na Huskvarna yake: viwanda vya saa. Wanawake waliketi siku nzima wakiinamia vipande vidogo kuliko punje ya mtama, macho yakiwa kwenye kioo cha kukuzia, shingo zimekaza. Vichwa viliuma, na vidonge vilikuwa karibu. Mwaka 1968 daktari Ulrich Dubach wa Basel alianza utafiti uliolikabili tatizo la wagonjwa wanaokana. Aliuliza mkojo badala ya mdomo. Fenasetini ikivunjwa mwilini huacha alama katika mkojo, na alama hiyo haina aibu. Kati ya wanawake 7,311 waliopimwa, wote wenye umri wa kati ya miaka 30 na 49, walichaguliwa 623 ambao mkojo wao ulionyesha matumizi ya mara kwa mara, wakalinganishwa na 621 wasiokuwa nayo. Walifuatiliwa kwa karibu miaka 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalikata ule mzizi wa ubishi kuhusu kipi kilitangulia, kwani wanawake hao walikuwa wazima utafiti ulipoanza. Waliokufa kwa magonjwa ya figo na njia ya mkojo walikuwa wengi mno miongoni mwa watumiaji kuliko miongoni mwa wenzao.

Kwa upande wa ukubwa wa maafa, hakuna nchi iliyoumia kama Australia. Mtu aliyeyaona mapema huko ni Priscilla Kincaid-Smith, daktari wa figo aliyezaliwa Johannesburg na kufanya kazi Melbourne. Wagonjwa wake wengi walikuwa wanawake wa makamo waliomeza Bex au Vincent's kila siku, na alipokagua ncha za figo zao akakuta mishipa midogo ya damu imeharibika. Yeye na wenzake waliwalisha panya michanganyiko hiyo hiyo, na ncha za figo za panya zikafa. Waligundua pia jambo lililowasumbua waliotaka mkosaji mmoja: katika panya hata aspirini ilileta madhara, na michanganyiko ilikuwa mibaya zaidi. Hatari ilikuwa katika kuoanisha dawa na kuzimeza bila kikomo. Katika miaka ya 1970, kwenye vitengo vya Australia vya kusafisha damu kwa mashine, karibu mgonjwa mmoja kati ya kila watano alifikishwa hapo na dawa za maumivu alizonunua mwenyewe dukani, pamoja na sukari na sabuni. Fenasetini iliondolewa katika poda hizo, na mwaka 1979 michanganyiko ya namna hiyo ikahitaji cheti cha daktari. Katika miaka iliyofuata idadi ya wagonjwa wapya wa aina hiyo ilianguka.

Nchi nyingine zilifuata, kila moja kwa mwendo wake. Marekani ilianza mwaka 1964 kwa kulazimisha onyo kwenye pakiti kwamba dawa inaweza kudhuru figo ikitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu, na ikaridhika na onyo hilo kwa karibu miaka 20. Kanada iliiondoa 1973, Uingereza 1980, Marekani yenyewe 1983, Ujerumani Magharibi 1986. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka michanganyiko yenye fenasetini katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Ile dawa iliyoanza kwa mabaki ya rangi yasiyo na mnunuzi ikabaki bila mnunuzi tena.

Ukizipanga tarehe hizi, kuna moja inayouma kuliko zote, nayo haihusu kupiga marufuku. Mwaka 1948, huko New York, Bernard Brodie na kijana aliyefanya kazi chini yake, Julius Axelrod, walitaka kujua kwa nini asetanilidi huharibu damu. Walipoifuata ndani ya mwili wakakuta sehemu kubwa yake inageuzwa kuwa parasetamoli, na kwamba parasetamoli ndiyo inayotuliza maumivu. Ubuluu ulitokana na mabaki mengine. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba fenasetini nayo hupita njia hiyo hiyo. Yaani kwa miaka 60 watu walikuwa wakimeza parasetamoli bila kujua, ikiwa imefungwa ndani ya dawa nyingine, na kifungashio ndicho kilichokuwa na sumu zaidi. Hukumu ya von Mering ya 1893 ilikuwa imeitupa punje na kuhifadhi makapi.

Mwaka 1955 Marekani walianza kuuza Tylenol, na mwaka 1956 Waingereza wakaanza kuuza Panadol, jina ambalo leo Tanzania na Kenya watu hulitaja hata wanapomaanisha dawa yoyote ya kichwa. Punje ilikuwa imekwisha kupatikana na kuwekwa dukani. Bado makapi yaliendelea kuuzwa kando yake kwa karibu miaka 30 mingine, kwa sababu watu waliyazoea na kwa sababu figo zilizokuwa zikifa hazikupiga kelele. Parasetamoli nayo ina makali yake, kwani ikizidishwa huua ini, na dawa za ukoo mwingine kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuumiza figo za mtu aliyeishiwa maji mwilini au ambaye figo zake zimekwisha kudhoofu.

Ndiyo maana daktari wa figo, akimpokea mgonjwa mpya, huuliza anatumia vidonge gani vya maumivu, na akijibiwa havitumii, huuliza tena kwa njia nyingine: kichwa kikiuma unafanyaje, mgongo ukikaza baada ya kazi unameza nini, ni mara ngapi kwa wiki? Swali hilo linasikika kama la mazungumzo tu. Kabla ya wale wawili wa Zürich kufungua majalada ya wafu wao, karibu hakuna aliyeona sababu ya kuliuliza.